Baba, Usioge Kwanza

Baba,

Simu umezima tena! Chai imo kwenye chupa. ~~Oga, ulale.~~ Usilale, na usioge! Njoo hospitali hivyo hivyo, na unga wako wa mikate kichwani. Huko watakuvika gauni juu, usibishe.

Najua mlipanga Mama ndiye aingie na kitinda mimba wenu kwenye upasuaji, amshike mkono mpaka dawa ya usingizi imkolee. Lakini asubuhi Mama alimwambia "usiogope" huku akitia chumvi kwenye chai yake, mpaka mtoto akaanza kumbembeleza yeye! Kisha akaninong'oneza: "Nataka Baba. Akinukia mkate, nitalala kama nyumbani."

Nilijitolea mimi. Akasema nanuka soksi.

Anaingizwa saa nne. Funga mlango, ukimbie.

Mwanao mkubwa,
Kaka Soksi