Majani Yaliyoachwa na Viwavi

Mjukuu wangu Manka,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Masama tupo, ila babu yako kifua kinamsumbua tangu baridi ianze, na mibuni ya juu tumeing'oa.

Unasema chuoni mmefundishwa kwamba kuna ukuvu unaoishi ndani ya nyasi bila kuonekana, na wadudu wakizionja nyasi hizo wanaziacha. Unauliza kama sisi tulijua.

Mwanzoni mwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoanza kufunguliwa, nikiwa msichana, viwavijeshi walimaliza majani yote kule tambarare tulikokuwa tukimkatia ng'ombe wetu wa bandani. Kilibaki kipande kimoja kando ya mfereji, kibichi kabisa. Mama akafanya ishara ya msalaba. "Mungu ametubakizia," akasema, tukajitwika mizigo hadi nyumbani.

Ng'ombe alikula vizuri. Baadaye miguu ikaanza kumtetemeka, akaanguka, hakuinuka tena. Habari za mdogo wangu, aliyetegemea maziwa ya ng'ombe huyo, sitaziandika.

Tangu hapo mama alikata majani yenye matundu ya panzi tu. Ukuvu hakuujua. Alichojua ni kwamba majani yale yalikuwa yamelindwa kweli, lakini si kwa ajili yetu.

Ni mimi bibi yako.