Alama ya Ukimya

Jumatatu, 14 Julai
Chai, kisha jaribio la kumi na moja. Tunaunda chipu ya mtandao. Mimi naandika msimbo unaogeuza kila biti nne kuwa tano kabla ya kuingia kwenye waya. Michanganyiko inayobaki ni alama: ya mwanzo, ya mwisho, na ya ukimya, inayojaza waya wakati hakuna data. Leo kiungo, yaani mawasiliano kati ya chipu na mpokeaji, kimekatika mara sita. Kwenye daftari la majaribio, kila mara nimeandika chanzo: waya. Waya hufungwa na Otieno, fundi wetu Mkenya.

Jumanne, 15 Julai
Kimekatika tena. Otieno amefunga nyaya zote upya. Bosi amesoma daftari. Mkataba wa Otieno unaisha Ijumaa, hatauongeza. Nimeendelea na msimbo wangu. Sijisikii vibaya.

Jumatano, 16 Julai
Otieno alinijia na koleo mkononi. "Injinia, waya mbovu haingojangi watu wanyamaze. Hii yako inakatika tu kama hakuna kitu inapita."
Nikamwambia afunge tena.
"Nitafunga hata na kamba ya viatu."
Wote maabarani wakacheka. Nilimchukia.

Alhamisi, 17 Julai
Alikuwa sahihi.
Mwezi uliopita niliongeza mistari minne: ukimya ukirefuka, acha kutuma alama ya ukimya, okoa umeme. Nilijivunia. Lakini mpokeaji hulinganisha saa yake kwa alama hizo hizo. Zikikoma, anapotea, anakata. Nimeifuta mistari. Saa tatu nzima bila kukatika, kwa nyaya zile zile za Otieno.
Hakuna aliyeona. Ningeweza kuandika "waya umerekebishwa". Nililifikiria hilo hadi nafika nyumbani Old Kampala. Mama aliuliza mbona sili.

Ijumaa, 18 Julai
Kabla ya swala nilikata neno "waya" kwenye daftari, mara tisa. Pembeni: kosa ni langu, msimbo; Otieno alisema tangu Jumatano. Nikampa Bosi. Akauliza kwa nini Otieno alijua kabla yangu.
Nikamwambia Otieno kuwa kosa ni langu, mbele ya wale waliocheka.
"Sawa, Injinia." Hakuniangalia. Alikuwa ameshafungasha vifaa vyake.

Jumatatu, 21 Julai
Otieno yupo. Mkataba mpya wa miezi mitatu. Hatujaongea.
Nimekuta waya mpya mezani kwangu, umekunjwa vizuri. Nimeuchomeka. Sijatuma data yoyote. Taa ya kijani ya kiungo inawaka tangu asubuhi.