Nzuri ya Rehema

Alhamisi, Julai 1994

Mashati ya wavulana yamerudi kutoka Mbagala na vifungo upande wa kike. Yote.

Bosi kasema, "Huyo binti mtoe, weka mtu mzima." Binti ni Rehema, niliyemkabidhi kusimamia mafundi wanaoshona majumbani kule. Mie niko Mikocheni, namsikia kwa simu ya duka la jirani yake tu.

Nikampigia kwa hasira. "Juzi si nilikuuliza habari za kazi, ukasema nzuri?"

"Nilisema nzuri, dada. Nilitaka kuuliza vifungo, ukakata."

Jibu hilo limeniudhi mchana kutwa, kwa sababu ni kweli. Nani anajibu "mbaya"? Hata mgonjwa kitandani anajibu nzuri kwanza, ndipo inafuata "ila". Mie nikisikia nzuri naweka simu chini, naogopa bili.

Nimemwomba bosi wiki moja. Kama Rehema anafaa, kwa kweli sijui. Sijawahi kumsikiliza hadi mwisho.

Jioni nikapiga tena. "Habari za kazi?"

"Nzuri."

Nikanyamaza. Nikamsikia mtu akiulizia mafuta ya taa pale dukani. Simu sikuiweka chini.

"Ila, dada..."

Nikavuta kiti, nikakaa.