Mkubwa wa Nyumba ya Wazazi

Nchelenge,
14 Machi 1954

Mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima na mguu wako umepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo, ila mkweo Davison anakohoa kwa moshi wa samaki wa pale dukani anapofanya ukarani. Barua nampa mwenye mtumbwi anayevuka ziwa kuja huko kwenu Kilwa, ng'ambo ya pili. Ukimwona, mpe chakula.

Mama, nimekuwa mkubwa. Usicheke. Yule Sista wa Kizungu amekwenda kwao kupumzika mwaka mzima, na nyumba ya wazazi hapa misheni ameniachia mimi, kwa kuwa nina cheti cha ukunga cha Elisabethville na hakuna mwingine aliye nacho. Chini yangu wapo wanawake watatu: mama Eness, mama Febby na mama Ennie. Mdogo wao ana wajukuu. Sista alikuwa akiita, wanakimbia. Mimi nikisema "chemsheni maji", wananijibu, "Ndiyo, mutoto yetu," halafu wanaendelea kukaa.

Hayo ningeyavumilia. Lakini juzi aliletwa mwanamke mwenye uchungu, na mama Eness akasimama mlangoni, akaujaza mlango wote. Akaniambia kwa Kiswahili alichojifunza alipokuwa akiuza samaki huko kwenu: "Weye haujazala. Mutoto hawezi kuangalia mutoto mwenzake anazaliwa. Ngoja pa inje." Nikamwonyesha cheti. Akasema, "Ile karatasi ilizala batoto ngapi?" Wenzake wakacheka. Nikakaa nje kwenye benchi pamoja na mume wa yule mwanamke, mpaka mtoto akalia.

Sista aliniambia wazi kwamba nikishindwa, nyumba itafungwa mpaka arudi, na wanawake watazalia majumbani kama zamani. Nimesoma miaka mitatu kwa ajili ya chumba kile, Mama. Nifanyeje na watu wanaoweza kunizaa?

Mwanao,
Matildah


Kilwa,
2 Aprili 1954

Matildah mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mwenye mtumbwi amekula, tena kwa watu wawili. Mguu wangu asubuhi ni mzuri, jioni unanisumbua. Ninyi mnalala vizuri? Mchemshie Davison majani ya mpera.

Nilicheka, ulinikataza bure. Kama nisingekuwa mama yako, hata mimi ningekufukuza. Uliwaitaje hao kina mama? Naomba usiniambie uliwaita majina makavu, "Eness! Febby!", kama masista wa Elisabethville wanavyowaita watu wazima.

Sasa sikiliza. Nilipowekwa kuwasimamia wanawake wa kuanika samaki kwa yule mfanyabiashara Mgiriki, nilikuwa mdogo kuliko wewe, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu. Kila asubuhi nilimwomba ruhusa ya kumwambia afanye nini, na kila asubuhi alinipa. Nenda kwao nyumbani, usingoje wakiwa kazini. Piga magoti, salimia, ulizia wajukuu, kula wanachokupa hata kama kina mchanga. Kazini usiseme "chemsheni". Sema, "Mama, maji tutayachemsha saa ngapi?" Watainuka wenyewe.

Na hilo la mlango usidhani ni dharau. Wanaamini mwanamke ambaye hajazaa akiona uzazi, tumbo lake linashtuka na kufunga. Huyo mama anakulinda. Sisemi anasema kweli, nasema usimchukie.

Halafu ndoa yenu ina miaka mitatu sasa. Hakuna habari?

Mama yako


Nchelenge,
20 Juni 1954

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole ya mguu. Davison amepona, majani yamefanya kazi, ingawa anasema ni kwa sababu amehamishwa kutoka kwenye moshi. Sisi wote wazima.

Ndiyo, niliwaita majina makavu. Nikaona haya niliposoma barua yako. Nimekwenda kwao, nimepiga magoti, nimekula bwali, ndio ugali wa huku, na samaki wadogo wenye mchanga wa kutosha kujenga nyumba. Mama Ennie alinicheka Kibemba changu kibovu mpaka akatokwa na machozi. Sasa wananawa mikono kwa sabuni bila kinyongo, na vyombo vinachemshwa.

Kuhusu mlango, tumekubaliana katikati. Mama Eness ametundika kitenge chake kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi nakaa upande huu na yule mwenye uchungu yuko upande ule pamoja nao. Nasema, "Mama Eness, naomba unisaidie, kichwa kimeshuka?" Anajibu, "Kimeshuka." Nasema, "Naomba asisukume kwanza." Anamwambia. Elisabethville wangenicheka, mkunga anayezalisha kwa masikio. Lakini wana mikono mizuri, Mama, na watoto wanazaliwa, na hakuna tuliyempoteza. Nina furaha kuliko nilivyotegemea.

Habari unayoulizia hakuna. Usiniulize tena, ikiwapo nitasema mwenyewe.

Mwanao,
Matildah


Nchelenge,
9 Agosti 1954

Mama,

Nisamehe, leo sina moyo wa kusalimia vizuri.

Aliletwa msichana aitwaye Chilufya, mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa salama. Kisha upande wa pili wa kitenge kukawa kimya. Nikamwita mama Eness, hakunijibu, na nikasikia damu inadondoka sakafuni. Nilikivuta kitenge kikachanika, nikaingia. Nikapiga kelele kama wale masista: "Eness, toka! Febby, shika hapa!" Nikamsukuma mama Eness kwa bega. Nikachoma sindano, nikakandamiza tumbo mpaka damu ikakatika. Chilufya yuko hai, na mtoto wake yuko hai.

Mama Eness aliokota kitenge chake, akakikunja, akaondoka. Wengine wakamfuata. Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyeletwa, wanasema nyumba imeharibika. Nimebaki peke yangu katika nyumba safi, napanga vyombo ambavyo hakuna anayevitumia. Nimeshindwa, Mama. Nikimwandikia Sista ataifunga.

Mwanao,
Matildah


Kilwa,
30 Agosti 1954

Mwanangu,

Wewe usiposalimia, mimi nakusalimia. Umekula leo? Kula kwanza, kisha uendelee kusoma.

Uliokoa mtu na mtoto wake. Kwa hilo hutamwomba radhi yeyote, hata mimi. Lakini ulimsukuma mama mzima mbele ya wenzake, ukamtupia jina lake kama mtu anayefukuza mbuzi. Kwa hilo utaomba radhi. Chukua kuku, nenda kwake, kaa chini. Usijieleze. Ukijisikia unasema neno "lakini", inuka urudi na kuku wako.

Halafu ungoje. Usimwandikie Sista kwanza. Watu wazima wana njia zao za kurudi, na hawapendi kutazamwa wakirudi.

Mama yako


Nchelenge,
25 Oktoba 1954

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama, na uipokee kwa moyo mweupe, kwa sababu leo naandika nikiwa na furaha. Davison hajambo, anakusalimu, na haachi kucheka peke yake.

Nilikwenda na kuku, nikakaa chini, nikaomba radhi. Neno "lakini" lilinifika kooni mara mbili, nikalimeza. Mama Eness aliniacha nimalize. Kisha akaniangalia jinsi nilivyokaa, akasema, "Weye uko na mimba." Nikakubali. Akauliza, "Siku ya Chilufya ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. "Ulijua, na ukaingia?" Nikasema niliingia.

Nisamehe nilikuficha katika barua ya mwezi wa sita, niliogopa kuitaja mapema. Mama Eness alimshika kuku wangu akamfunga miguu. Kesho yake nilimkuta nyumba ya wazazi anafagia, na mama Febby na mama Ennie wanateka maji kama vile hawakuondoka. Chilufya mwenyewe alipita anamtembeza mtoto wake, na wanawake wengine wakaanza kuja. Kitenge hakikutundikwa tena. Mama Eness bado hapendi niingie, lakini sasa anasimama kando yangu, si mbele yangu.

Natazamia kuzaa mwanzo wa Februari. Nataka uwepo, Mama. Vuka ziwa, uje ukae nami.

Mwanao,
Matildah


Kilwa,
28 Januari 1955

Matildah mwanangu,

Nimeimba barua yako mpaka majirani wameichoka. Unaendeleaje? Miguu imevimba? Usibebe maji.

Mzigo wangu nimeufunga na kuufungua mara nyingi. Ziwa limechafuka, wenye mitumbwi wanakataa, na mguu nao umekataa, nabebwa mpaka mlangoni. Pepo zikitulia nitavuka hata kwa kubebwa. Mwambie mama Eness namwachia mwanangu mikononi mwake mpaka nifike. Mwambie namheshimu.

Mama yako


Kilwa,
20 Februari 1955

Matildah,

Salamu. Mitumbwi imeanza kuvuka, na sijapata barua. Watu wanaotoka Nchelenge nikiwauliza wanasema hawajui, kisha wanazungumzia bei ya samaki. Andika hata neno moja. Likiwa baya pia, liandike.

Mama yako


Nchelenge,
12 Machi 1955

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mwili wangu ni mzima, na Davison ni mzima. Nisamehe kwa kunyamaza, mkono ulikataa.

Mjukuu wako alizaliwa, wa kiume. Tulimwita Mubanga. Aliishi kuanzia asubuhi mpaka jua lilipokuwa likishuka, akafa mikononi mwa mama Eness.

Uchungu ulikuwa mrefu, na nilijua kila kilichokuwa kikiharibika, kwa kuwa nilifundishwa. Mama Eness alikuwa ananiuliza, "Tufanye namna gani?" Nami nimelala pale, kati ya uchungu na uchungu, nawaelekeza. Nilikuwa mkubwa wao hata saa ile. Mtoto alipotoka hana nguvu niliwaambia wamsugue mgongo, wampulizie hewa, wamweke kifuani kwangu apate joto. Walifanya kila neno nililosema. Hawakukosea hata mahali pamoja, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Kina mama wenyewe walimzika, ndivyo wanavyofanya huku kwa mtoto mchanga. Niliposikia mama Febby ananong'ona kwamba ni kwa sababu ya macho yangu siku ile ya Chilufya, mama Eness alimkatiza: "Funga kinywa. Huyu aliingia juu ya kuponyesha mutu." Nami ninajua macho hayaui mtoto. Lakini nikiwa peke yangu nafikiria siku ile, kisha namkumbuka Chilufya na mtoto wake anayekaa sasa bila kushikwa, na sijui nitamani mambo yangekuwaje.

Jumatatu nilirudi kazini. Maji yalikuwa yamechemka kabla sijafika. Nilisema jambo dogo tu, kwamba mashuka yaanikwe, wakainuka wote watatu kwa pamoja na magoti yao mabovu. Mwanamke aliletwa, nikaingia, hakuna aliyeuliza kitu. Mtoto wake alilia vizuri. Hakuna anayeniita mutoto tena.

Mwaka jana nilikuuliza nifanyeje ili wanisikilize. Sasa wananisikiliza, Mama, na sikutaka kulipa hivi. Leo asubuhi nilimtazama mama Eness nikatamani anikatalie kitu, chochote, aniambie mimi bado mtoto, nikakae. Nilikaribia kumwomba. Lakini yeye alikuwa amesimama tu, anangoja niseme.

Mwanao,
Matildah