Usifie Sebuleni kwa Mama

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwa dada yako. U hali gani huko mbele ya kamera? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila Mama ananikosesha raha. Naandika kwa sababu kwenye simu angenisikia. Kuta za nyumba hii unazijua.

Tangu kumbukumbu ianze kumtoka, Mama haoni mwigizaji kwenye runinga. Anakuona wewe. Muziki wa tamthilia ukianza anachana nywele, anakaa wima: "Mwanangu kaja." Ikiisha anakupungia mkono. Tulimwacha afurahi, maana wewe mwenyewe lini ulikanyaga hapa?

Sasa juzi wameonyesha tangazo la wiki ijayo: Fundi Spana wako unayemwigiza kaangukiwa na gari gereji, shati lote damu. Mama akavaa viatu, kimoja changu, kimoja cha shemeji yako, akatoka mbio eti anakwenda hospitali. Shemeji yako alimdaka katikati ya barabara, lori linapiga honi.

Nikamwambia, "Mama, ni maigizo tu, ile damu ni rangi." Akanikodolea macho. "Unamjua kuliko mimi niliyemzaa?"

Chiriku, kitinda mimba wangu, alishauri tuchomoe waya wa antena. Tulijaribu jana. Mama alikusubiri, akagoma kula, akalia kwamba tumekufungia nje. Sasa nifanye lipi? Nikizima, umepotea. Nikiwasha, umekufa.

Nisikufiche, nimekukasirikia. Umegombana na mtayarishaji, naye kaamua kumuua Spana. Haya, ulimi umeponza kichwa, lakini anayefiwa ni Mama!

Najua mmesharekodi, haifutiki. Basi njoo. Siku watakapoionyesha ukae naye kochi moja, umshike mkono, ili Spana akikata roho Mama ageuke akuone unapumua. Omba ruhusa. Wakikunyima, toroka, wameshakuua, watakufanya nini zaidi?

Shemeji yako anakusalimu sana, na Chiriku anasema mjomba asije mikono mitupu. Mungu akunyooshee njia, akufikishe kabla ya siku hiyo.

Mama nimemuuliza kama ana salamu zako. Kasema za nini, mnaonana jioni.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Dada.