Nilimwambia Mondo Asimame

Jumatatu, 4 Machi

Mchele umepanda tena! Mama Yuana wa dukani alinicheka nilipouliza bei mara mbili. "Sista Bogu, kula viazi kama sisi! Miaka thelathini na minane hapa milimani Simbu, tumbo lako bado geni?" Viazi vitamu nakula tangu zamani. Mchele ni wa wagonjwa.

Ndege ya misheni haiji tena, mafuta ni ghali. Chanjo za watoto tutazifuata mjini Kundiawa kwa gari. Mondo, dereva wetu, anasema barabara imemeguka pawili. "Tutapita tu, mama. Mimi na barabara hii tumezeeka pamoja." Ana miaka arobaini na mmoja!

Jumatano, 6 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Foleni ya dizeli ilitula saa nne nzima, kwa hiyo tuliondoka Kundiawa jioni. Baada ya daraja la pili msichana mdogo alikurupuka barabarani akimfukuza nguruwe wake mchanga. Mondo alikanyaga breki. Nilisikia kishindo.

Huku kwetu ukigonga mtu, husimami. Unakwenda moja kwa moja polisi. Si kukimbia — ni kuwapa wafiwa muda, maana saa ya kwanza uchungu hutafuta mtu wa kumwangukia. Baadaye wazee wa pande zote mbili hukaa, nguruwe hutolewa kama fidia, watu hula pamoja. Masista wapya saba nimewafundisha hivyo. Mimi mwenyewe!

Mondo alibadilisha gia. Nikageuka nyuma. Mtoto aliinua mkono.

"Simama! Yu hai!"

"Hapana, mama."

"Mimi ni nesi, Mondo. Simama."

Akasimama.

Alhamisi, 7 Machi

Mtoto alifia mapajani mwangu. Jina lake Jenita.

Watu walitoka mashambani wakilia. Bibi mmoja alinivuta kwenye matuta, akanifunika kwa mfuko wake wa kamba, akanikalia karibu. Mondo niliona mikono yake tu, imeinuliwa. "Ni mimi! Sista hahusiki! Ni mimi peke yangu!" Kisha mawe.

Yuko hospitali. Hajafumbua macho. Kaka yake, Siune, alifika asubuhi, akasema watu wa Jenita waliweka gogo barabarani wakamshusha. "Mondo hawezi kusimama mwenyewe. Mjinga gani anasimama?"

Mimi sikusema kitu. Nilidhani ni mshtuko tu unaonifunga mdomo.

Ijumaa, 8 Machi

Barafu iliyeyuka. Chanjo zote zimeharibika. Hakuna aliyekumbuka kisanduku, hata mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Mondo amefariki saa tano asubuhi.

Mke wake Wemin hakupiga kelele. Alimvua soksi, akazikunja, akazitia kifuani.

Jumapili, 10 Machi

Ukoo wa Mondo umekata mivinje na kuilaza barabarani. Hakuna gari linalopita. Vijana wanachonga mishale. Gogo lile ambalo halikuwepo sasa lina urefu na unene; wapo wanaosema wameliona!

Niliteremka hadi kwenye miti iliyolala, mahali simu inaposhika, nikampigia katibu wa askofu, nikamweleza ukweli. Akanisihi ninyamaze mpaka mwanasheria aje. La sivyo fidia itaelekezwa kwa misheni, na zahanati itafungwa. Hana ubaya, anahesabu wagonjwa. Nami nilihesabu: siku tatu za kunyamaza kwangu. Upande wa Jenita wana watoto. Nimewazalisha mama zao, baadhi yao.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Siune alipita tena. "Kesho maziko. Keshokutwa tunavuka mto kulipiza." Nilimwomba asubiri. Akanitazama kwa huruma: "Sista, wewe umezeeka. Umeona mabaya. Pumzika."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Alinishika bega, akaondoka.

Jumanne, 12 Machi

Nipo msibani. Naandika nimekaa kwenye nyasi, daftari gotini. Wamezoea kuniona nikiandika, wanadhani naandika majina ya wagonjwa.

Nilikuja na mchele wote wa stoo. Nilitaka nibaki pembeni, pamoja na wageni. Wemin akaniita mbele. Alichota udongo mweupe kwenye kibuyu, akanipaka uso mzima, polepole, paji, mashavu, mpaka shingoni, kama wanavyopakwa ndugu wa damu. "Alikuita mama," akasema. "Utakaa wapi kwingine?" Kisha akasogea kunipa nafasi ya kukaa.

Mondo amelala hapo, hatua mbili. Wamemvisha shati la buluu la safari. Funguo za gari ziko mfukoni, naona mnyororo wake.

Wemin ameniuliza kwa sauti ndogo, "Gari liligonga hilo gogo? Au alisimama kabla?"

Nimeandika swali lake.

Bibi mmoja nyuma yetu amemkemea: "Mwache mama wa watu, ana msiba!" Wemin amesema, "Nataka kujua tu alikuwa anafikiri nini."

Siune amesikia. Ameacha upinde wake ukutani, amekuja, amechuchumaa mbele yangu. Wanaume wamegeuka mmoja mmoja. Udongo umekauka usoni. Nikifungua mdomo utapasuka, na kila mtu ataona.

Siune anatazama kalamu. Anasubiri niiweke chini.