Dekoda Imefunga Sauti ya Mama

Jumatano, tarehe 5 Machi

Courant imerudi, taa zinawaka. Nimepita kuangalia vyombo vyangu kama kawaida. Modem inawaka, dekoda inawaka, diski inapumua. Ninasema "vyangu" kwa sababu Tonton, mudogo wa papa, hayuko hapa kusikia. Dekoda ni yake. Diski ni yangu, nilipewa na cyber iliyofunga milango, baada ya kubebea wenyewe meza zao zote kwa kichwa. Sanduku moja, diski mbili ndani. Kila kitu inaandikwa mara mbili. Moja ikikufa, ingine inabaki. Kable moja inatoka kwa dekoda mpaka kwa modem, ingine inatoka kwa modem mpaka kwa diski. Parabole, ile sahani ya juu ya nyumba, inakamata, diski inaweka. Hakuna mutu kwa avenue yetu anaweza kufunga hii kitu. Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari, na watu wazima wanakuja kunibembeleza niwawekee mechi ya jana.

Mama amekuja na habari. Ile misa ya Noeli ambayo chorale yao, kwaya ya parokia, walifilmiwa, itapita kwa satellite Jumapili asubuhi. Mara moja tu. Na saa ile wote watakuwa kanisani, wanaimba. Hata mmoja hataona. Mama ndiye anaimba solo. Tangu azaliwe hajajiona akiimba.

Nimemwambia, Mama, mutoto wako iko wapi? Si niko hapa? Lala usingizi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepanga dekoda. Jumapili itaandika yenyewe.

Mama ametangazia chorale yote. Kwa soko wananiita "monsieur la télé". Bwana wa tele: ni jina muzuri, nimeipokea.

Tonton Faustin amenuna. Anasema dekoda yake si ya parokia. Papa iko na mashua yake kule Basoko, harudi ovyo, ndiyo maana tunalala kwa parcelle, nyumbani kwa Tonton, na Mama anaongea polepole. Mimi siongei polepole.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Courant ilikatika mbele ya misa kuanza. Wajinga wa courant. Lakini mimi si wa jana: nilikuwa nimechomoa batri ya moto ya Tonton, pikipiki yake, na kuifunga kwa convertisseur, ile inayogeuza batri kuwa courant ya nyumba. Dekoda haikuyumba. Batri nimeirudisha. Hajui.

Misa yote iko ndani ya diski. Nimeangalia mwanzo tu, jina la chorale na kengele, nikafunga. Mama amekataa kuangalia peke yake.

"Tutaona sote, Jumatano, tukitoka répétition ya nyimbo. Si mimi peke yangu niliimba."

Mama huyu! Ingekuwa mimi ningekuwa nimejiangalia mara kumi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekasirika sana.

Mvua kubwa. Radi ilianza upande wa mto. Nilimwambia Tonton tuchomoe fishi kwa ukuta. Alikuwa anaangalia mpira, miguu juu ya kiti. Akasema radi haiogopeshi mwanaume. Bon. Radi ikapiga nguzo ya courant pale inje. Pah! Dekoda ikatoa moshi na harufu ya nywele iliyoungua. Mwanaume akaruka nyuma ya fauteuil, kile kiti chake kikubwa.

Kisha anauliza, kwa sauti kubwa, kwa nini mimi sikuchomoa fishi.

Diski ni nzima. Zote mbili. Nilikuwa nimezichomoa kwa siri mvua ilipoanza. Nimemwambia Mama asiogope, dekoda ni mulango tu, chakula iko kwa kabati.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka.

Asubuhi Tonton ameleta dekoda mupya, marque ileile, aina ileile, na scellé yake nyuma, ile karatasi ya muhuri. Yote juu ya mechi ya Jumamosi. Nimefunga kable. Jina la misa likatokea kwa tele. Nikacheka. Nikabonyeza. Giza. Halafu maandishi: enregistrement hii, yaani misa iliyoandikwa, ilifanywa na dekoda ingine, haiwezi kufunguka hapa. Halafu ikauliza kama tufute diski yote tuanze upya. Kidole cha Tonton kilikuwa kinakwenda kwa OK! Nimemnyang'anya telekomande. Karibu tupigane.

Kumbe kila dekoda inafunga kile inaandika na kufuli yake yenyewe. Mimi nililinda diski mara mbili, na ufunguo ulikuwa ndani ya maiti. Nani alifikiria ujinga huu? Diski ni yangu. Mama ni wangu. Sauti ni yake. Kufuli ni ya watu ambao hatuwajui hata sura. Na wenye kurusha misa wako Kinshasa, utamupigia nani simu?

Kisha wamama na wazee wa chorale wakaja. Wengine na viti vyao kwa kichwa. Wakakaa kwa salon, sebule yetu, wakangoja. Nilibonyeza kila kitu mpaka nikatoka jasho.

Muzee mumoja wa sauti ya pili akasema, "Mutoto huyu, mudomo yake ni mukubwa kuliko diski yake."

Wakacheka. Mwingine akauliza Mama kama kweli kulikuwa na solo. Alisema kwa mchezo, lakini alisema.

Wakaenda na viti vyao. Mama akaosha vikombe ambavyo hakuna mutu alikunywa ndani.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimebeba dekoda iliyokufa kwa Papa Amisi, fundi wa radio, mutu wa Maniema. Ameifungua, amenusa, amepimapima.

"Kichwa ni muzima. Ni tumbo iliungua."

Tumbo ni plaki inayopokea courant. Ingine kama hiyo hana, na kwa muji wote hajui nani iko nayo. Nikamwambia mimi ninajua. Iko kwa salon yetu, ndani ya dekoda mupya.

Nimemwomba Tonton. Kwa heshima kabisa, mikono nyuma. Dakika kidogo tu, tutoe, tuangalie, turudishe.

"Scellé ikivunjika, garantie imekufa, duka haitanibadilishia. Na kesho niko na mechi. Alors, unataka nini? Nyimbo za mama yako si anaziimba bure kila Jumapili?"

Mama alikuwa kwa mulango na beseni ya nguo. Alisikia. Alianika nguo moja moja, akazinyoosha vizuri.

Hakwenda répétition ya Ijumaa. Sijaona hiyo hata siku moja, hata akiwa na malaria anakwenda.

Ninamuchukia Tonton. Ninaandika tena: ninamuchukia. Wakubwa waseme watakavyo.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Tonton ameenda kazini Bangboka, kupakia mizigo ya ndege. Mama iko soko. Nikachukua tournevis, bisibisi yangu. Nilikuwa nimegeuza dekoda mupya juu ya meza, tournevis iko juu ya scellé, nikasikia mutu nyuma yangu. Tantine Bijou, muke wa Tonton. Mikono kwa kiuno. Nikajua nimekufa.

"Unafanya nini, mwizi?"

Nikamwambia ukweli. Sikuwa na uongo karibu.

Akaangalia inje. Akasema, "Mimi pia niko mule ndani ya misa. Mustari wa nyuma, nimevaa libaya mupya. Huyu bwana yangu aliniambia rangi hainifai."

"Na Tonton akiuliza?"

"Fungua, mimi nitamujibu. Na haraka, kabla sijarudiwa na akili."

Nikavunja. Nikamwita Papa Amisi. Alikuja na fer yake ya kuchomelea, akatoa tumbo la mupya, akaweka ndani ya ile dekoda ya zamani. Nikachomeka fishi. Taa nyekundu. Halafu kijani. Nilipiga kelele mpaka mbuzi ya jirani ikajibu. Nikabonyeza: kengele, kanisa, watu. Nikasimamisha palepale. Nikakimbia kuita Mama na wenzake wote, hata yule muzee wa sauti ya pili. Huyo nilimwita mara mbili.

Salon ikajaa. Misa ikaanza. Kila mutu anajitafuta na kidole. Tantine akajiona, akasimama, akajizungusha.

Pale katikati Tonton akaingia. Akaona watu. Akaona dekoda yake mupya juu ya kabati, tumbo wazi.

"Nani alifungua?"

"Ni mimi," Tantine akasema, hakugeuka. "Kaa chini, Faustin. Solo inakuja."

Hakukaa. Lakini alifunga mudomo. Na Mama akaimba, kule ndani ya tele. Mama mwenyewe alikuwa kwa kona, kitambaa kwa mudomo.

Watu walipoondoka, Tonton alitukana mpaka sauti ikakauka. Mechi aliiona, kwa dekoda ya zamani, ileile niliyoiita maiti. Nilitaka kumuchokoza. Nilikuwa na maneno mingi tayari. Tantine alinikanyaga muguu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Asubuhi, mbele ya misa kuanza, Mama ameniomba nimuwekee tena. Yeye peke yake. Sauti chini.

Wakati wa solo aliniambia simamisha. Nikasimamisha. Akasogea karibu na tele.

"Kumbe nikiimba ninafunga macho."

"Ndiyo, Mama. Kila siku."

Aliweka kidole juu ya wale wa nyuma, mumoja mumoja. Tantine. Yule wa sauti ya pili. Wengine. Wote wamemugeukia yeye.

"Sikujua wananiangalia hivi," alisema.

Halafu akafunga kitambaa, akachukua kitabu cha nyimbo. Tonton alikuwa kwa mulango anapiga mswaki. Alitema, akamwambia, "Bonjour, yaya," kama kwa dada mukubwa. Mimi hakunisalimia.

Sikuzima tele. Niliacha picha imesimama, nikatoka inje kufagia.